Google Trends na jina la Samatta: uzoefu wangu

Ubishi wa nani maarufu zaidi mtandaoni huwa unaishia kwenye idadi ya wafuasi wa Instagram, na mimi kipimo hicho sikikubali. Mtu akishamfuata mchezaji, mara nyingi anabaki hapohapo hata kama aliacha kumfuatilia zamani. Mchezaji anaweza kusugua benchi msimu mzima na wafuasi wakazidi kuongezeka. Mimi nataka kujua watu walimtafuta lini, na walikuwa wapi. Kwa hilo natumia Google Trends, huduma ya Google inayochora mstari wa jinsi jina lilivyotafutwa kwa nyakati na nchi mbalimbali.

Ni bure, hailazimishi kufungua akaunti, na kumbukumbu zake zinaanzia 2004. Nilimweka Mbwana Samatta nikapitia safari yake: TP Mazembe ya Lubumbashi aliyotwaa nayo Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, kisha Genk ya Ubelgiji. Miaka yote hiyo mstari uko chinichini. Unafika Januari 2020, Aston Villa wanamsajili, mstari unapaa. Ukibana kipindi kiwe miezi michache, unaanza kusoma siku kwa siku: Februari 1, bao lake dhidi ya Bournemouth katika mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu ya Uingereza; Machi 1, kile kichwa cha kuruka pale Wembley, fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini nchi nzima ilikuwa inaandika jina lake. Kwa Mtanzania, kuiona siku ile kwenye chati ni raha ya pekee.

Ukiandika jina, usiliache kama neno tupu. Chagua lile pendekezo lenye maelezo kuwa ni mchezaji wa soka. Neno tupu linachanganya akina Samatta wengine wote, halafu linawaacha nje walioandika "Samata". Ukichagua mchezaji mwenyewe, tahajia na lugha mbalimbali zinajumlishwa.

Jambo la pili ni ile namba 100 iliyo juu kabisa ya chati. Si idadi ya watu. Ni kilele cha kipindi ulichochagua, na namba nyingine zote zinapimwa kwa kilele hicho. Orodha ya nchi nayo ni hivyohivyo: Tanzania ikiipita Uingereza, maana yake ni kwamba kati ya yote yaliyotafutwa Tanzania, yeye alichukua sehemu kubwa zaidi. Na ukimweka kando ya Cristiano Ronaldo kwa dunia nzima, mstari wake unalala sakafuni, hujifunzi kitu. Mlinganishe na Mtanzania mwenzake, mchezaji Simon Msuva, nchi iwe Tanzania, ndipo chati inasomeka.

Nikitaka idadi kamili naenda kwenye Pageviews ya Wikipedia, inayohesabu makala ya mchezaji imefunguliwa mara ngapi kila siku tangu Julai 2015 na kukuruhusu kuwaondoa roboti. Haikwambii wasomaji wako nchi gani, kwa hiyo navitumia vyote viwili.

Kwa chipukizi wa Ligi Kuu Bara, Trends haifai sana. Inafanya kazi kwa sampuli, hivyo jina linalotafutwa na wachache huonyesha sifuri hata kama wapo waliolitafuta, na ukirudia kesho namba zinaweza kubadilika kidogo. Kwa hao naangalia watazamaji wa video za mabao yao YouTube.