"Get in" au "get on": unapanda nini?

Kiswahili kinatosheka na kupanda na kushuka: teksi, basi, meli, farasi, vyote sawa. Kiingereza kinakulazimisha kuchagua, na hapo ndipo wengi wetu tunapokwama.

"Get in" ni ya chombo unachoinama kuingia na kukaa papo hapo: gari dogo, teksi, bajaji, mtumbwi. Kushuka kwake ni "get out of". "Get on" ni ya chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake, kama basi, treni, ndege au meli, na pia unachokikalia juu: baiskeli, bodaboda, farasi. Kushuka kwake ni "get off".

Usiseme kwamba ndani ya daladala nyingi huwezi kusimama wima. Bado ni basi, kwa hiyo "get on". Chombo kidogo ndicho huyumbisha kanuni: ndege ya watu wanne utasikia wakisema "get in".

Kosa ninalolisikia mno ni "get off the car" kwa maana ya kushuka garini. Mwingereza humwambia hivyo mtoto aliyekaa juu ya boneti! Abiria wa teksi huambiwa "get out of the car", au "get out" tu.

Ukilazimika kuanza na jozi moja, mimi ningeshika "get on" na "get off" kwanza, maana safari zetu nyingi ni za daladala, matatu na bodaboda. Gari dogo na bajaji zifuate.