Axis PNG 1300 kwa anayejifunza kupampu na kuunganisha mawimbi

PNG 1300 ni bawa la foili, kifaa kinachofungwa chini ya ubao na kuuinua juu ya maji. Kupampu ni kuukanyaga ubao kwa mdundo ili bawa liendelee kwenda bila kusukumwa na wimbi, na kuunganisha mawimbi ni kupampu kutoka wimbi moja hadi jingine. Kwanza tuelewane kuhusu namba. Kampuni ya Axis huyaita mabawa yake kwa upana wa ncha hadi ncha, kwa milimita. Kampuni ya Armstrong huyaita yake kwa eneo, kwa sentimita za mraba. Kwa hiyo PNG 1300 na HA1325 ya Armstrong si saizi moja hata kidogo, na anayenunua foili ya mtumba hukosea hapo kirahisi. PNG 1300 ina upana wa mita 1.3, na ni kubwa kuliko hiyo nyingine.

Upana huo ndio unaotufanya tuipendekeze. Anayeanza huanguka kwa sababu anakanyaga harakaharaka kwa woga. Bawa halipati nafasi ya kuteleza na mwendo unakufa. Hili linamvumilia. Kanyaga, jifanye mwepesi, acha ubao upande, ndipo ukanyage tena. Bawa likae sentimita 20 hadi 30 chini ya uso wa maji, maana mlingoti, yaani nguzo inayounganisha bawa na ubao, ukizama sana unaburuta maji bure na miguu inachoka kabla hujalifikia wimbi la pili.

Kasoro yake ni kona, na kuunganisha mawimbi ni kona tupu. Ukiinamisha ubao nyuzi 30, ncha ya bawa hili hupanda sentimita 32 hivi. Ikitoka majini hewa inaingia, bawa linaachia ghafla, nawe uko majini. Dawa yake ni kushusha bawa kidogo kabla ya kugeuka, kisha kuzunguka kwa duara pana. Pia liache wimbi likiwa bado na nguvu. Ukingoja lifie chini yako, utarudi baharini bila mwendo wowote wa kuanzia. BSC 1060 ya kampuni hiyohiyo, ambayo ncha yake hupanda sentimita 26 kwa mwinamo huohuo, hugeuka vizuri zaidi lakini hudai pampu nyingi zaidi. Mtu mwepesi aanze na hiyo. Mwenye kilo 75 na kuendelea achukue PNG bila kusita.

Mlingoti wa alumini wa sentimita 75 unatosha. Ufunge katikati ya reli za ubao, yaani mifereji ya kufungia iliyo chini yake, kisha usogeze sentimita moja moja: mguu wa mbele ukichoka kwa kuzuia ubao usipande, rudisha mlingoti nyuma, ubao ukigoma kupanda, upeleke mbele. Skrubu zipakwe grisi ya baharini na zifunguliwe kila baada ya kutumika, kwani chuma cha pua na alumini vikilala pamoja kwenye chumvi hung'ang'aniana hadi kichwa cha skrubu kinaliwa.

Kwa walio Paje au Jambiani, tazameni maji kabla ya ubao. Wakati wa bamvua bahari hupwa mbali sana, na ndani ya mwamba hapabaki kina cha kutosha mlingoti huu. Ingieni maji yakiwa yamejaa, na mkae mbali na mashamba ya mwani: vigingi na kamba zake havionekani kwa juu, bawa la mita 1.3 litavinasa, na jasho la wakulima wa mwani litapotea.