TAHADHARI: Kifurushi cha familia cha "miji sita ya Amerika Kusini" ni utapeli, msilipe

Ndugu zangu, hasa mlio Marekani na Kanada mnaopanga likizo ya watoto ya Juni hadi Agosti: kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya Watanzania na Wakenya akiuza safari ya familia ya Bogotá, Lima, Cusco, Santiago, Buenos Aires na Rio de Janeiro kwa dola 1,650 kwa kichwa. Ndege, hoteli, viza na viingilio vyote ndani. Chondechonde, msilipe. Familia ya dada yangu imelipa watu watano na hakuna tiketi hata moja iliyokatwa. Jina la ukurasa wake wa mtandaoni silitaji kwa sababu suala limeshafika polisi, na hata hivyo alilibadilisha mara tu dada alipoanza kudai. Zijueni mbinu zake, maana hizo anahama nazo.

Mimi nafanya kazi ya kukata tiketi katika ofisi ya wakala hapa Dar es Salaam. Dada aliponitumia makaratasi aliyopewa niliyapitia moja moja, na nawaambia kweli, aliyeyatengeneza anaijua kazi yetu. Ndiyo maana nimeona niandike kwa urefu.

Nianze na tiketi, maana hapo ndipo wengi watakapoingia. Dada alitumiwa waraka wenye nembo ya shirika la ndege, majina ya watoto yameandikwa sahihi kama yalivyo kwenye pasipoti, na namba ya buking ya herufi na tarakimu sita. Akaingia kwenye tovuti ya shirika lenyewe, akaweka ile namba na jina la ukoo, safari ikatokea yote. Nani asingeamini? Lakini buking na tiketi ni vitu viwili. Wakala anaweza kushika nafasi bila kulipa hata senti moja, na mfumo ukaonyesha kwamba safari imethibitishwa. Nafasi hiyo huwekewa muda wa mwisho wa kukata tiketi. Muda ukipita bila malipo, inafutwa. Tapeli anachohitaji ni zile saa chache za wewe kuona jina lako kwenye tovuti ya kweli na kutuma hela kwa furaha.

Tiketi iliyokatwa ina namba yake ya tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: Ethiopian ni 071, LATAM ni 045, Avianca ni 134. Kila abiria ana namba yake, mtoto naye ana yake. Familia ya watu watano ikipewa namba moja, au ikaambiwa "namba za tiketi zitatoka wiki ya safari", hapo hakuna tiketi. Piga simu kwenye shirika la ndege, namba ya simu itoe kwenye tovuti yao wenyewe na usitumie uliyopewa na muuzaji, kisha uliza swali moja tu: tiketi imeshakatwa au ni buking tu?

Halafu uliza tena baada ya siku mbili tatu. Hili watu wa nje ya ofisi zetu hawalijui. Wakala anaweza kukata tiketi ya kweli asubuhi, akakupa namba ya kweli ukahakiki ukaridhika, na jioni akaibatilisha siku hiyohiyo bila hasara yoyote. Na wapo wanaokata tiketi kwa kadi za benki zilizoibwa. Tiketi inakaa hai mpaka mwenye kadi atakapogundua na kulalamika, kisha inafutwa, pengine wewe uko uwanja wa ndege na mabegi na watoto.

Hoteli alizifanya vivyo hivyo. Mitandao ya kuhifadhi hoteli ina vyumba vya "lipa ukifika, futa bure", kwa hiyo alishika vyumba sita kwa jina la shemeji, akatuma uthibitisho, akavifuta vyote malipo yalipoingia. Shemeji alipopiga hoteli ya Lima aliambiwa jina liliwahi kuwapo na sasa halipo. Pigeni simu hotelini wenyewe.

Sasa Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka kule Peru, ambayo ndiyo iliyonikasirisha kuliko yote, kwa sababu watoto wa dada wameifanyia kazi ya shule na wanaijua kuta kwa kuta. Aliwapa "tiketi ya familia", karatasi moja ya watu watano, yenye tarehe bila saa. Kitu hicho hakipo. Tiketi za Machu Picchu zinatolewa na Wizara ya Utamaduni ya Peru, na tovuti yao ya mauzo ni tuboleto.cultura.pe. Kila mtu ana tiketi yake, yenye jina, namba ya pasipoti, tarehe, saa ya kuingia na njia utakayopita, kwa sababu siku hizi kuna njia maalumu zilizopangwa, Namba 1, 2 na 3, na ukishachagua moja huwezi kuzurura kwenye nyingine. Mlangoni wanaangalia pasipoti yenyewe. Idadi ya wanaoingia ina kikomo: kwa kawaida ni watu 4,500 kwa siku, na tarehe fulani za msimu hufika 5,600. Mwezi Julai, watalii wa dunia nzima wakiwa likizo na Cusco ikiwa kwenye msimu wa ukavu, nafasi nzuri huisha mapema sana. Anayekuambia "tutazichukua mkifika" anacheza na safari yako.

Kwenye ratiba yake pia aliandika "basi la kifahari kutoka Cusco hadi mlangoni Machu Picchu". Hakuna barabara ya namna hiyo. Watu wengi hupanda treni, mara nyingi kutoka Ollantaytambo, mpaka mji mdogo wa Aguas Calientes ulio chini ya mlima, ndipo mabasi madogo yanawapandisha juu. Treni hiyo ya watalii, kwenda na kurudi, mara nyingi inapita dola 100 kwa mtu mmoja. Kiingilio cha mgeni mtu mzima ni zaidi ya soli 150. Mkipiga hesabu ya hayo mawili tu kwa watu watano, kisha mkaongeza ndege ya Bogotá hadi Lima ya kama saa tatu, ya Lima hadi Cusco, ya Lima hadi Santiago, ya kuvuka Andes mpaka Buenos Aires na ya kupanda Rio, mtaona wenyewe kwamba 1,650 haifiki.

Ratiba yenyewe ilikuwa na alama nyingine, na naomba muizoee tabia ya kuisoma ratiba kabla ya kuisoma bei. Aliweka treni ya usiku kutoka Rio kwenda São Paulo. Miji hiyo haina treni ya abiria kati yake siku hizi, watu wanapanda ndege au basi. Aliweka treni ya Lima hadi Cusco, nayo haipo. Kwa basi ni safari ya zaidi ya saa 20 milimani. Na aliweka siku nne za watoto kuogelea baharini Mar del Plata, Argentina, katikati ya Julai. Sisi wa Dar tuko kusini mwa Ikweta, Julai kwetu ni kipupwe, na wao wako kusini zaidi yetu. Buenos Aires asubuhi za Julai hushuka mpaka nyuzi 7 hivi, Santiago hushuka zaidi ya hapo na watu wanakwenda kuteleza kwenye theluji. Lima nayo ni mawingu ya kijivu wiki nzima. Mtu aliyewahi kupeleka familia moja tu huko angewaambia mbebe makoti.

Viza ndiyo alipochuma pesa ya ziada. Aliwauzia "viza ya Mercosur" kwa dola 150 kila mtu, akisema inafungua nchi zote kama Schengen inavyofungua Ulaya. Mercosur ni jumuiya ya kweli, iliundwa mwaka 1991 na Argentina, Brazil, Paragwai na Urugwai, na raia wao wanavuka mipaka kwa vitambulisho vya nchi zao. Haitoi viza ya utalii kwa mtu wa nje. Kila nchi inatoa ya kwake au inakuruhusu bila viza, kutegemea pasipoti uliyonayo. Familia zetu nyingi zina pasipoti mchanganyiko, hapo ndipo mnatakiwa kuwa makini kuliko mtu mwingine. Shemeji na watoto wana pasipoti za Marekani, kwa hiyo Colombia, Peru, Chile na Argentina wanaingia kutalii bila viza. Brazil hawaingii hivyo tena: tangu tarehe 10 Aprili 2025 raia wa Marekani, Kanada na Australia wanahitaji viza ya kielektroniki, watoto nao wamo, na ada kwa Mmarekani ni dola 80.90. Dada bado ana pasipoti ya Tanzania pamoja na grini kadi. Yeye anatakiwa aulize ubalozi wa kila nchi kabla ya kulipa chochote, na asikubali jibu la "ukiwa na grini kadi unapita popote". Na mkienda maporomoko ya Iguazú, kumbukeni upande mmoja ni Brazil na wa pili ni Argentina. Ukivuka kwenda kuangalia na kurudi, umetoka nchi moja na kuingia nyingine, kwa hiyo viza ya kuingia mara moja itakukwamisha.

Kuna jambo moja la afya ambalo siwezi kulipita. Aliwaambia atawapatia kadi ya manjano, yaani cheti cha chanjo ya homa ya manjano, bila kuchoma sindano, dola 40. Ndugu zangu, homa ya manjano inaua. Colombia ilitangaza dharura ya ugonjwa huo Aprili 2025, na Peru na Brazil zina maeneo yenye hatari. Chanjo halali inaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na cheti chake tangu 2016 kinatambulika maisha yote, kwa hiyo ni sindano moja tu. Mtoto chini ya miezi 9 na mzee aliyepita miaka 60, wapelekeni kwa daktari kwanza akawashauri. Anayemuuzia mama kadi tupu ya mtoto wake hana huruma hata chembe.

Malipo yote aliyataka kwa Zelle (huduma ya Marekani ya kutumiana hela kupitia benki) au kwa simu, kwenda kwa majina ya watu binafsi, kila awamu jina jipya. Kadi alikataa, akisema "mashine ina tatizo". Sababu ni kwamba ukilipa kwa kadi ya mkopo Marekani una haki ya kupinga malipo kwa huduma usiyopata, na barua yako inatakiwa ifike ndani ya siku 60 tangu taarifa ya akaunti ilipotumwa. Zelle uliyoituma kwa mkono wako mwenyewe benki mara nyingi hairudishi. Alionyesha pia namba ya wakala ya IATA, chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, na ilikuwa namba halisi ya kampuni nyingine kabisa. IATA ina huduma ya kuhakiki namba hizo kwenye tovuti yake, na mtalinganisha jina la kampuni na jina la akaunti mnayotumia hela. Akisema ana ofisi Tanzania, mwulizeni leseni ya TALA, yaani ile ya mawakala wa utalii. Akisema yuko Kenya, ulizeni kwa Tourism Regulatory Authority. Walio Uingereza, kifurushi chenye ndege ndani kinatakiwa kiwe na kinga ya ATOL, yaani ya kulinda hela ya msafiri kampuni ikianguka, na namba yake inahakikiwa.

Kama umeshalipa, piga simu benki leo, si kesho, hata kama unaona aibu kueleza. Mlio Marekani toeni taarifa FBI kupitia ic3.gov. Mlio Tanzania, ujumbe wa kitapeli wa simu tumeni kwenda 15040, kisha fungueni taarifa polisi. Halafu kumbukeni kwamba huyu mtu ana picha za pasipoti zenu na za watoto wenu. Marekani unaweza kufungia taarifa zako za mikopo bure, ili mtu asikope kwa jina lako, kwa kampuni za kumbukumbu za mikopo Equifax, Experian na TransUnion, na mzazi anaweza kumfungia mtoto aliye chini ya miaka 16. Dada alifanya hivyo usiku uleule, na nampongeza, maana wengi huilia pesa iliyopotea na kusahau majina ya watoto yaliyobaki mikononi mwa mwizi.

Baada ya dada kulalamika hadharani, alifuatwa kwenye simu na mtu anayejiita wakili wa kimataifa, akimwahidi kurudisha hela yote kwa "ada ya faili" ya dola 300. Huyo naye ni tapeli, na lugha yake inafanana mno na ya yule wa kwanza. Mtakaoandika kwamba mmepigwa, mtarajieni.

Walionunua kwa bei hiyohiyo na ratiba hiyohiyo, yenye Mar del Plata ya Julai ndani yake, niandikieni kwa faragha. Dada anakusanya majina ya akaunti zote zilizopokea hela ili ayaongeze kwenye taarifa yake polisi, na kila jina jipya linasaidia. Msifute mazungumzo, wala risiti, wala sauti alizowatumia, hata akianza kuwatukana na kuwatishia.