Warsha ya jazz ya tamasha la mtaani kwetu: dogo kanyamazishwa na yeye ndo alikuwa sahihi

Hili jambo nilisema niliache lipoe, halijapoa, na juzi limewaka upya kwa sababu nitakayoisema huko mbele, kwa hiyo naandika.

Kuna tamasha la muziki hapa Dar, jina silitaji, ambalo kabla ya shoo zenyewe huwa wanafanya warsha ya bure ya jazz kwa watoto wa mtaani. Wazo zuri sana, na nilivyosikia mara ya kwanza niliwaombea dua. Nina mtoto wa dada yangu naishi naye, anapiga trampeti kwenye matarumbeta ya harusi, yale ya kupanda nyuma ya kirikuu Jumamosi, saluni mpaka kanisani mpaka ukumbini. Noti hakufundishwa na mtu. Kajifunza kwa kusimama pembeni ya wakubwa na kusikiliza, wakampa trampeti bovu valvu (vile vitufe vya kubonyeza) inanata, akalifungua mwenyewe akalisafisha akaliweka mafuta ya cherehani likapona. Sasa mtoto wa hivyo akiambiwa walimu wa jazz wanakuja mtaani kwao, unafikiri atalala? Hakulala. Alinipigia pasi shati saa kumi na moja alfajiri.

Ilikuwa kipindi cha mvua, tope kila mahali. Sisi walezi tukaambiwa tukae benchi la nje, sawa, tukakaa, dirisha liko wazi tunaona na kusikia kila kitu. Mwalimu ni kijana tu, nasikia kasoma muziki vizuri. Akagawa karatasi, karatasi moja hiyohiyo kwa wote, wa kinanda, wa gitaa, wa trampeti. Akasema tuanze pamoja, noti ya C. Dogo majina ya noti chache anayajua, C ya trampeti hubonyezi kitu, akapuliza. Haikukaa na za wenzake, hata mimi benchini nimeisikia. Na yeye kaisikia, maana hapohapo akabonyeza valvu ya kwanza na ya tatu akapandisha, ikakaa. Jamani ilikaa! Ililala juu ya kinanda mpaka mama mmoja pale akageuka kuangalia ni nani.

Mwalimu akasimamisha darasa zima. "Nimesema C. Wewe unapiga nini?"

"Samahani mwalimu, ile ilikuwa haikai."

"Haikai kwa sababu hujui. Umejifunzia wapi?"

"Kwenye matarumbeta."

Wenzake wakacheka, na yeye mwalimu akacheka nao, hilo ndo limenikaa rohoni mpaka leo, mtu mzima anacheka na watoto dhidi ya mtoto. Akamwambia aweke chombo chini asikilize wenzake. Akakiweka, akakaa mikono katikati ya magoti.

Pale benchini nilikuwa nimekaa na mzee mmoja kamleta mjukuu wake, kumbe zamani alikuwa mpiga saksafoni bendi ya jeshi. Akatikisa kichwa akaniambia mwanangu, mtoto yuko sawa, aliyekosea ni mwalimu. Trampeti hizi ukipiga C yake, kwenye kinanda inasikika B flati, toni nzima chini, ndo maana kila chombo kinaandikiwa karatasi yake. Ukitaka isikike C ya kinanda trampeti lazima apige D, na D ni valvu ya kwanza na ya tatu. Yaani dogo alichofanya kwa sikio ndo kilekile ambacho mwalimu alitakiwa kumwandikia!

Wakati wa mapumziko nikamfuata mwalimu, kwa heshima kabisa, hata shikamoo hakunipa na ni wa kuzaliwa nyuma yangu sana. Nikamweleza alichosema mzee. Hakusikiliza hata nusu. Akaniambia, "Mama, hii ni jazz, sio mdundiko."

Sasa ngoja niseme, maana siku ile nilikosa maneno.

Hiyo jazz imetokea wapi? Si New Orleans, Marekani, kwenye bendi za matarumbeta zinazopita barabarani, kwenye sherehe, kwenye mazishi, watu wanazifuata nyuma wanacheza? Louis Armstrong, gwiji wa jazz, alishika koneti, ndugu yake trampeti, kwenye nyumba ya watoto watukutu, walimpeleka huko baada ya kufyatua bastola mkesha wa mwaka mpya wa 1913, akapigia bendi ya palepale. Mtoto wa mtaani na tarumbeta, jazz yenyewe imeanzia kwa mtu kama huyo. Na huku kwetu, pwani yote hii kulikuwa na ngoma ya beni, matarumbeta na madramu, watu wanapita mitaani wamevaa sare, kabla babu yake huyo mwalimu hajazaliwa. Humo ndo muziki wa dansi ukapata njia. Wazee wetu waliziita bendi zao jazz na hawakuomba ruhusa kwa mtu, Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe ambayo ilifika mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970. Baba yangu alikuwa akisikia zilipendwa redioni anaacha kula. Mtu anakuja kuwaletea watoto wa Dar jazz bila kujua hilo?

Ningeishia hapo ningesema msiende, nyota moja, basi.

Lakini mchana akaingia mgeni mmoja mpiga drams, Kiswahili anajikongoja, na huyo sitamsahau. Karatasi zote akazikusanya akaziweka chini ya kiti. Akapiga makofi, watoto wajibu. Akabadilisha, wakajibu. Kisha akasema kila mtu achague noti moja tu, moja, aipige namna anavyotaka, mapema, kwa kuchelewa, fupi, ndefu, kwa kunong'ona. Ilipofika zamu ya dogo kwanza alikataa. Yule mgeni akamngoja, anapiga taratibu tu, hamsemeshi, hamwangalii, mpaka dogo akachukua trampeti lake. Noti moja. Aliicheza kama wanavyomwita bibi harusi atoke nje, na drams zikamfuata, na mzee wa jeshi benchini akasimama. Mimi nililia. Ile nusu saa peke yake ni nyota tano, nawapa bila kinyongo, na ndo inayoniuma zaidi, kwamba kumbe wanaweza.

Nairobi pale Korogocho, jirani na dampo la Dandora, Ghetto Classics, mradi wa kufundisha watoto muziki, walianza 2008 na watoto wachache, na mapato ya matamasha ya Safaricom Jazz yakawa yanaenda kwao. Mwaka mzima watoto wanafundishwa, sio siku mbili halafu vyombo vinarudi kwenye maboksi. Sisi tunashindwa nini?

Haya, juzi. Nimeshuka kwenye daladala nakutana na bango la msimu mpya la tamasha lilelile. Sura kubwa pale juu, mashavu yamevimba, trampeti lenye mkanda wa bluu kwenye ule mdomo wake mpana, ni dogo wangu. Nani kawapa ruhusa? Sijasaini karatasi yoyote, hakuna aliyepiga simu. Mtoto mliyemwambia aweke chombo chini leo ndo mnamwonyesha kwa wadhamini kwamba mnafundisha jamii! Nyota zote nimezirudisha, ile tano ya mgeni nampa mgeni mwenyewe, tamasha sifuri.

Nilikuja nyumbani nimewaka nikamwambia dogo kesho tunaenda ofisini kwao bango lishuke. Yeye akaniuliza kitu kimoja tu, "Mamdogo, yule wa drams atakuja tena?"

Nimepiga simu kuuliza. Anakuja. Kwa hiyo tutaenda, bango nitaliongelea hukohuko mbele ya watu, na mzee wa jeshi nimeshamtafuta, amekubali kuja na saksafoni yake. Wakituambia benchi la nje hatukai.