Miezi kumi na minne na WRX ya gia tano: mguu wa kushoto ndio uliosoma zaidi

Gari langu ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, iliyotengenezwa kwa soko la Japani: injini ya lita 2.0 yenye turbo, nguvu farasi 250, gia tano za mkono. Nililinunua hapa Nakuru kwa mtu aliyekaa nalo miaka sita. Naishi Kiamunyi, kazi iko katikati ya mji, na karibu kila mwisho wa mwezi nateremka Kisumu kumwona mama. Kwa hiyo nimeliendesha kwenye msongamano, kwenye mvua ya Molo na kwenye joto la Ahero, na ninaloandika hapa nimelipitia mwenyewe.

Manuali sikuianza jana. Leseni niliipata kwa pikapu ya shule ya udereva, kisha nikaendesha Probox ya kaka yangu miaka minne. Lakini siku ya kwanza na WRX ilinizimikia mara mbili kwenye Kenyatta Avenue, matatu zikipiga honi nyuma. Mara ya tatu nikaongeza mafuta, gari likaruka mbele hadi nikaogopa. Nilirudi nyumbani nimeumia moyo, nikijiuliza kama nimenunua gari la watu wengine.

Ilinichukua muda kuelewa kwamba tatizo halikuwa klachi kuwa ngumu. Turbo, kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi, inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini hiyohiyo. Injini ikizunguka polepole moshi ni kidogo, na bila moshi hakuna msukumo. Chini ya mizunguko kama 3,000 kwa dakika unaendesha injini ya kawaida kabisa, tena yenye mgandamizo mdogo, inayobeba gari zito la magurudumu manne yanayovuta. Ukipita hapo, nguvu inakuja yote kwa mkupuo. Klachi ya WRX lazima uwe umemalizana nayo kabla mkupuo huo haujafika. Probox haikunifundisha hilo kwa sababu Probox haina mkupuo wa kungojea.

Halafu kuna urefu wa nchi yetu, jambo ambalo sijaona wakaguzi wa magari wa Ulaya wakiligusa. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu 1,130 hivi. Huku juu hewa ni nyepesi, na kabla turbo haijaamka injini haina cha kuisaidia. Asubuhi nikiondoka Kiamunyi nahitaji mafuta kidogo zaidi ndipo niachie klachi. Nikifika Kondele, pale Kisumu, mguu uleule na mafuta yaleyale, gari linaondoka kwa haraka kuliko nilivyotaka. Safari za kwanza nilidhani fundi ameharibu kitu. Sasa nikishapita Awasi najikumbusha: mguu mwepesi, hapa hewa ipo.

Aliyenifundisha ni fundi mmoja mzee wa jua kali ambaye amefungua injini hizi zaidi ya ninavyoweza kuhesabu. Alinipeleka kwenye kiwanja cha murram, akaniambia, "Madam, mafuta usiguse kabisa." Kwanza alivuta kiti changu mbele mpaka nikikanyaga klachi hadi chini goti libaki limekunjika. Kisha kisigino sakafuni, namba moja, na kuachia klachi kwa kifundo cha mguu tu hadi gari litambae lenyewe. Nilirudia zaidi ya mara thelathini. Karibu mara ya kumi nilianza kuisikia: sauti ya injini inashuka kidogo, pua ya gari inainuka kama ng'ombe anayetaka kusimama, na pedali inatetemeka chini ya soli. Hapo ndipo inaposhika. Ukifika hapo, tulia. Wengi tunapaharakisha hapo, na ndipo gari linaruka au linazima.

Klachi ya kwanza hata hivyo niliiua, na hilo bado linaniuma. Shule niliyosomea udereva ilinifunza kubalansi gari mlimani kwa klachi na mafuta, bila hendibreki, kana kwamba hendibreki ni ya wasiojua. Jioni moja, nyuma ya lori pale Sachangwan, nilibalansi kwa dakika nyingi tukisogea hatua moja moja. Harufu ilianza kama karatasi inayoungua, nikadhani ni lori. Wiki mbili baadaye nikikanyaga mafuta kwenye gia ya nne, mizunguko inapanda na mwendo haupandi. Vipuri vya klachi (pleti, presha pleti na rilizi beringi) na kuchonga flaiwili vilinitoa shilingi 52,000. Sasa mlimani navuta hendibreki, nangojea klachi ishike, ndipo naiachia. Barabara ya kupanda Menengai nimeifanyia mazoezi Jumapili nyingi hadi gari halirudi nyuma hata unyayo mmoja.

Kubadilisha gia mwendoni ndiko kulikonipa raha. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, usikamate kirungu kwa ngumi. Kisukume mbele kwa kiganja wazi. Springi yenyewe itakileta katikati. Toa mafuta, klachi chini hadi mwisho, gia, klachi juu, mafuta. Kwenye gari lisilo na turbo ukichanganya hatua mbili za mwisho utasikia mtikisiko tu. Hapa, mafuta yakitangulia, nguvu inafika pleti ikiwa imeshika nusu, na pleti inachomeka. Nikitaka mwendo wa utulivu nabadilisha kwenye 3,000. Nikitaka gari livute napeleka hadi 4,500 au 5,000, ili gia inayofuata inikute bado nina msukumo. Ukibadilisha mapema halafu ukakandamiza mafuta, gari linanung'unika na halijibu.

Kwa sababu hiyo, Mau Summit sipandi na gia ya tano. Inawezekana, lakini kulazimisha turbo ikiwa kwenye mizunguko 1,800 ni kuitesa injini. Narudi ya nne au ya tatu: klachi chini, mafuta kidogo mizunguko ipande, gia, achia. Ukipatia huhisi kitu chochote, gari linakuwa tu na nguvu zaidi. Ilinichukua miezi mitano kupatia mara nyingi kuliko kukosea. Kuteremka kuelekea Salgaa nakaa ya tatu au ya nne, injini inishikie. Barabara ile imezika watu wengi mno, wengine kwa malori yaliyoteremka na frii, yaani bila gia, nami siwezi kuweka frii pale hata kwa sekunde.

Vijana wananiuliza kama nimewahi kuliondoa kwa fujo, yaani injini 5,000 na kuachia klachi ghafla. Nawaelewa. Tumekua tukisikia jinsi dereva Colin McRae alivyoshinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1997 kwa Impreza, na tangu mashindano ya dunia yarudi 2021 tunaenda Elementaita kuyatazama kwa macho. Lakini magurudumu manne yanapong'ang'ania lami, hakuna tairi litakaloteleza kupunguza kishindo. Kinabebwa na klachi, kisha boksi la gia, na boksi hili la gia tano si la gari la mashindano. Sijafanya na sitafanya.

Mengine kwa ufupi. Mafuta: kilomita 8 kwa lita safarini, 6 mjini, na natia ya daraja la juu. Matuta ya Kericho yanagusa bampa. Nikishalikimbiza nalingoja dakika moja kabla ya kuzima ili oili ipoze turbo. Kwenye mvua, kati ya Londiani na Kericho, sijawahi kuendesha gari linalonipa imani kama hili.

Nalipendekeza? Ndiyo, kwa mtu aliye tayari kulipa mguu wake miezi michache ya masomo. Usiniamini mimi wala muuzaji; nenda ukalijaribu barabarani injini ikishapata joto. Tafuta mlima mdogo, weka gia ya nne ukiwa kwenye mizunguko 2,500, kanyaga mafuta yote na usubiri turbo iamke, kwa maana klachi iliyochoka huteleza papo hapo nguvu inapofika. Mshale wa mizunguko ukiruka na ule wa mwendo ukabaki nyuma, toa bei ya klachi mpya kwenye bei ya gari kabla hamjapeana mkono.