Nyama choma au shamba la zabibu: wapi utamjua zaidi mwenzako wa kazini?

Ofisini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali jijini Dodoma, mtu unamjua kwa mafaili na vikao tu. Ukitaka kumjua zaidi ya hapo, kuna njia mbili.

Nyama choma ya Ijumaa jioni ni rahisi, haihitaji mipango. Ila mkishakuwa wanne mezani, maongezi ni posho, uhamisho na kumsema bosi mpaka bili inaletwa. Ofisi ileile, imeongezwa pilipili.

Shambani ni habari nyingine. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na wakati huo mikono haitoshi. Mfuate mwenzako shambani kwao Hombolo Jumamosi, mkasi mkononi. Yule mkimya wa uhasibu utamsikia akisalimia "Mbukwenyi!" kwa sauti ya kutosha mashamba matatu, akitaniana na mama jirani kwa Kigogo, kisha akuonyeshe mistari aliyoipanda marehemu baba yake. Mchana ni ugali wa uwele na mlenda, na hapo ndipo anapoanza kusimulia.

Mimi nachagua shamba, bila kusita. Lakini usijialike, subiri akutajie mwenyewe. Kama ni bosi wako, baki kwenye nyama choma. Na shambani usiende mikono mitupu: sukari kilo mbili na sabuni kwa mama mwenye nyumba.