Gmail ya bure: kufungua ni rahisi, kazi iko kwenye kuitunza

Ndugu na jirani wakinunua simu mpya huniomba niwafungulie barua pepe, na mimi huwaelekeza Gmail, huduma ya barua pepe ya Google. Simu yao siishiki. Wanabonyeza wenyewe, mimi nakaa pembeni, kwa sababu nenosiri la mtu si langu kulijua. Nimeitumia huduma hii kwa miaka mingi na ninaipenda, lakini kuna mambo ningependa kila mtu aambiwe tangu siku ya kwanza.

Kujisajili ni mambo ya dakika chache: jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani, nenosiri, na mara nyingi namba ya simu ili utumiwe tarakimu za uthibitisho. Pa kutulia ni kwenye anwani. Jina lako likiwa la kawaida, huenda limeshachukuliwa, na hapo ndipo watu hubandika jina la utani na tarakimu zozote zinazowajia. Fikiria anwani hiyo ikiwa juu ya barua yako ya kuomba kazi, au ukiitaja kwa simu huku karani anaandika. Jina lako na la ukoo, na herufi ya jina la kati ikibidi, vinatosha. Nukta zisikuumize kichwa, maana Gmail haizihesabu: mtu akisahau nukta uliyoweka kati ya majina, barua itakufikia vilevile.

Kinachofuata ndicho kinachonifanya niwe mkali. Namba ya simu na barua pepe ya kurejesha akaunti, wengi huziruka ili wamalize haraka. Lakini hii ni huduma ya bure. Ukisahau nenosiri hakuna ofisi utakayokwenda kuonyesha kitambulisho. Unabaki na mashine inayokuuliza maswali. Nimewaona watu wakilia kwa sababu vyeti, tiketi na mawasiliano yao yote yalikuwa ndani, na tarakimu zinatumwa kwenye laini waliyoiacha zamani. Kwa hiyo ukibadilisha laini, badilisha namba kwenye akaunti siku hiyohiyo. Washa pia uthibitishaji wa hatua mbili, yaani baada ya nenosiri unathibitisha kwa njia ya pili kama simu yako, kisha omba namba za akiba za kuingilia siku simu haipo. Utapewa kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi uihifadhi na vyeti vyako. Kuzipiga picha na kuziacha kwenye simu hiyohiyo hakukusaidii, kwani simu ikiibwa zimekwenda nayo.

Kwa matumizi ya kila siku, kinachonifurahisha zaidi ni utafutaji: neno moja unalolikumbuka linatosha kuibua risiti ya miaka iliyopita. Kuna pia kutengua barua uliyokwisha kutuma. Mwanzoni unapewa sekunde 5, ila kwenye mipangilio unaweza kuziongeza hadi 30, na nakushauri uziongeze. Kichujio cha barua taka ni kizuri sana, lakini kichungulie, hasa ukiwa unasubiri jibu la usaili. Barua halali huangukia humo, na baada ya siku 30 hufutwa.

Lawama yangu kubwa ni nafasi. Gmail ilipoanza mwaka 2004 ilitoa GB 1, na wakati huo hilo lilikuwa jambo la kushangaza. Leo ni GB 15, ila unazigawana na picha na mafaili yako ya Drive, ghala la mtandaoni la Google. Mtu anahifadhi video za harusi, kisha anashangaa barua haziingii. Ikikutokea, andika larger:10M kwenye sehemu ya kutafutia. Barua zenye viambatisho vizito zitajipanga mbele yako, ufute usizozihitaji. Halafu safisha na tupio, la sivyo nafasi hairudi mara moja.

Matangazo yapo, yamevalishwa sura ya barua. Mwaka 2017 Google ilitangaza kuacha kusoma yaliyomo kwenye barua ili kulenga matangazo, na nililipokea vizuri. Anayetaka usiri zaidi aangalie Proton Mail, huduma nyingine ya barua pepe, ingawa nafasi yake ya bure ni ndogo.

Na kama una akaunti ya zamani yenye picha za wazazi, ingia leo. Akaunti isiyoguswa kwa miaka miwili inaweza kufutwa, pamoja na vyote vilivyomo.